Udongo wa Kalibu

Nyumbani kwa mzee Gerson, Jumamosi ilikuwa siku ya risasi. Si risasi ya bunduki. Ni ile metali ya kijivu, nzito na laini, ambayo wavuvi wa bwawa la Mtera huifunga kwenye nyavu ili zizame. Wavu usio na uzito huelea tu, na samaki hupita chini yake wakicheka.

Gerson alikusanya betri mbovu za magari. Yeye na mwanawe Obedi walizipasua kwa shoka nyuma ya nyumba, wakamwaga maji yake makali, wakatoa vibati vya ndani. Vibati viliyeyushwa katika sufuria kuukuu, juu ya mafiga yaleyale yaliyopikia ugali. Hapo ndipo zamu ya Anyesi, mke wa Gerson, ilipofika.

Anyesi alikuwa na miaka hamsini na mitatu. Hakuna mtu kijijini aliyemshinda kwa kalibu. Kalibu ni bonge la udongo lenye matundu, na risasi iliyoyeyuka humiminwa ndani ya matundu hayo. Anyesi alichimba udongo wa kichuguu, akaukanda, akautoboa kwa kijiti, akauchoma motoni. Risasi ikishapoa, alivunja kalibu kwa nyundo ndogo, na vipande vya risasi vikaangukia sahanini. Ilikuwa kazi safi, naye aliionea fahari. Hata wavuvi wa ng'ambo, upande wa Iringa, walizijua risasi za mama Obedi.

Vipande vya kalibu iliyovunjika hakuvitupa vyote. Vile vilivyoiva vizuri, vyekundu, vyenye harufu ya moshi, aliviweka kwenye kopo.

"Mkamwana!" aliita. "Njoo uchukue mzigo wako."

Klara alitoka ndani akijifuta mikono. Alikuwa mke wa Obedi, binti wa miaka ishirini na miwili kutoka Kwa Mtoro, kule Chemba. Mimba yake ilikuwa ya miezi mitano. Alipokea kopo, akachagua kipande kikubwa, akakiuma. Alifumba macho kwa utamu.

"Polepole," Anyesi alimtania. "Utamaliza kichuguu kizima, mchwa waje hapa kuuliza nyumba yao."

Klara alicheka. "Mama, huu ni mtamu kuliko ule wa dukani. Una kautamu fulani, sijui ka nini."

"Nakajua. Mimi nilikula huohuo mimba zangu zote."

Mimba za Anyesi zilikuwa sita. Watoto waliokua walikuwa wawili, Obedi na dada yake aliyeolewa Gulwe. Wanne wengine walilala chini ya kilima, kila mmoja na jiwe lake. Mwaka jana jiwe la tano liliongezwa. Lilikuwa la mtoto wa kwanza wa Klara, aliyezaliwa kwa miezi saba, akiwa kimya, bila kulia hata mara moja. Anyesi ndiye aliyemuosha na kumviringisha kwenye kitenge.

Tangu siku hiyo Anyesi alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu. Mtoto huyu aliyemo tumboni mwa Klara azaliwe hai. Mengine yote Mungu angeweza kuyaacha yalivyo.

Lakini mwezi haukuisha, Klara akaanza kudhoofika. Tumbo lilimsokota. Choo kilikuwa kigumu kwa siku nne, siku tano. Akibeba ndoo ya maji ilimbidi apumzike mara tatu njiani. Viganja vyake, ambavyo zamani vilikuwa na wekundu, sasa vilikuwa vyeupe kama unga.

Anyesi naye hakuwa mzima. Kichwa kilimgonga. Presha ilipanda. Vidole vilikosa nguvu, na mara mbili aliangusha sufuria ya uji. "Uzee," alisema. Watu tuna tabia ya kuusingizia uzee mambo mengi, na uzee maskini hauna mdomo wa kujitetea.

"Kuna mkono wa mtu," Gerson alisema. "Twende kwa mganga."

"Kwa mganga nilikwenda mara nne," Anyesi alijibu. "Nilipeleka mbuzi wanne. Nikazika watoto wanne. Safari hii naenda zahanati."

Zahanati ilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu. Kwa Klara ulikuwa mwendo wa saa mbili na nusu. Nesi wa pale aliitwa Restuta, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenyeji wa Mlali. Alikuwa na sauti ya juu na hakuwa na subira na watu wanaoficha mambo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkamwana wangu huyu unamjua. Mwaka jana tulizika. Mwaka huu sitaki kuzika."

Restuta alivaa glovu. Alimketisha Klara, akamchoma kidole, akapima damu. Malaria hakuna. Lakini wingi wa damu ulikuwa saba.

"Inatakiwa kumi na moja," alisema. "Vidonge vya kuongeza damu nilivyokupa, unameza?"

"Kila siku, dada. Sijaruka hata kimoja."

"Na damu bado inashuka?" Restuta alikunja uso. "Hebu fungua mdomo."

Aliinua mdomo wa juu wa Klara kwa kidole chenye glovu. Kwenye ufizi, pale jino linapoota, kulikuwa na mstari mwembamba wa bluu na kijivu. Restuta aliutazama kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia Anyesi.

"Mama, na wewe fungua."

"Mimi? Mimi sina mimba, mwanangu."

"Fungua tu, mama."

Mstari ulikuwepo. Wa Anyesi ulikuwa mzito zaidi.

"Nyumbani mnafanya kazi gani?"

"Sisi ni wavuvi."

"Uvuvi tu?"

"Na risasi za nyavu. Tunayeyusha wenyewe."

Restuta aliweka kalamu mezani. "Mstari huu niliuona mara moja tu, kwa fundi wa betri. Kesho nakuja kwenu."

Alikuja kweli, juani, akiwa na begi dogo la kuchukulia damu.

"Mbukwenyi!" alibisha hodi kwa Kigogo.

Gerson alimkaribisha kigoda, lakini hakungoja aketi vizuri. "Nesi, nikuambie mapema. Mke wangu ameniambia unaishuku risasi. Mimi nayeyusha risasi tangu nikiwa kijana. Moshi wake nimeuvuta miaka thelathini. Nitazame!" Alijipiga kifua. "Na huyu Obedi mtazame, mzima kama fahali. Kama risasi ni sumu, mbona inachagua wanawake?"

Swali lilikuwa zuri. Hata Anyesi alilipenda, maana lilimpa matumaini kwamba kazi yake haina kosa.

Restuta aliinuka. Alizunguka uani taratibu. Aliiona sufuria nyeusi. Aliyaona mafiga. Aliona kuku wakidonoa majivu, na shimo la maji ya betri karibu na mchicha. Aliporudi kivulini, Klara alikuwa ameketi mkekani na kopo lake. Alichukua kipande, akakiuma.

"Unakula nini, Klara?"

"Udongo tu, dada. Nina hamu nao sana."

"Umenunua wapi?"

"Haununuliwi," Anyesi alidakia, akitabasamu. "Ule wa dukani umeshikwa na kila mtu. Huu ni wa kalibu zangu. Umepita motoni, hauna mdudu hata mmoja. Mimi mwenyewe namchagulia."

Restuta alinyoosha mkono, akachukua kipande kimoja. Alikivunja vipande viwili, akakigeuzia juani. Katikati ya udongo mwekundu palikuwa na kiuzi cha kijivu kinachong'aa.

"Mama, hii ni nini?"

Anyesi aliinama akatazama. Hakuhitaji kutazama sana. Alikuwa amekiona kitu hicho kila Jumamosi tangu aolewe.

"Risasi," alisema. Sauti yake haikufika mbali.

"Tema, Klara. Tema yote, nenda kasukutue."

Klara alitema. Alisukutua mara tatu, akarudi, akakaa mbali na kopo. Obedi alilichukua, akasimama nalo mkononi, asijue aliweke wapi.

"Sasa nikujibu, mzee," Restuta alisema. "Mwili wa mtu unahitaji madini. Kuna kalsiamu ya kujenga mifupa, na kuna madini ya chuma ya kutengeneza damu. Yanatoka kwenye chakula, yanapita kwenye utumbo, yanaingia kwenye damu. Utumbo una milango. Siku za kawaida milango hiyo inafunguka kidogo tu."

"Sawa."

"Mwanamke akishika mimba, homoni zake zinabadilika na kuongezeka. Homoni ni kitu ambacho mwili unakitengeneza wenyewe na kukituma kwenye damu, kipeleke amri. Mojawapo inaitwa estrojeni. Hiyo ni homoni ya kike. Amri ya wakati wa mimba ni hii: mtoto anajengwa, vuteni madini. Basi utumbo unafungua milango. Kalsiamu inaingia karibu mara mbili ya kawaida. Madini ya chuma nayo yanavutwa zaidi kila mwezi unavyosogea."

"Hilo si zuri?" Obedi aliuliza.

"Ni zuri, kama mlangoni amesimama mgeni mwema. Mzee, ukifungua zizi jioni ng'ombe waingie wote kwa pamoja, na fisi akajichanganya na ndama, utamwona?"

"Fisi hafanani na ndama, nesi," Gerson alisema.

"Ndiyo bahati yako na fisi. Risasi inafanana na kalsiamu, tena inafanana na chuma. Utumbo hauwezi kuzitofautisha. Unaiingiza ukidhani ni chakula cha mtoto."

Obedi alilitazama kopo mkononi mwake.

"Na kuna jingine. Udongo wenyewe, hata ule wa dukani, unanasa madini ya chuma tumboni. Klara anameza kidonge, udongo unakishika, vinatoka pamoja chooni. Ndiyo maana damu inashuka. Damu ikishuka, mwili unaona njaa ya chuma, unazidi kufungua milango. Na mlangoni yuko nani? Risasi."

Klara alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Inamfikia mtoto?"

"Inamfikia. Inapita kwenye kondo la nyuma."

"Yule wa mwaka jana, dada. Ni hii?"

Restuta alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa sauti ya juu, lakini sasa aliishusha. "Siwezi kuapa. Mimba huharibika kwa sababu nyingi. Lakini risasi ni mojawapo, na wewe ulikuwa unaila."

Anyesi alikuwa ameketi, mikono mapajani. Aliitazama mikono hiyo. Ilikuwa na vumbi jekundu kwenye kucha.

Restuta aliwatoa damu wote wanne. Sampuli zilipelekwa maabara, Dodoma mjini, kwa gari la wilaya. Wiki tatu zilipita. Siku zote hizo hakuna moto wa risasi uliowashwa. Gerson alinung'unika, lakini hakuthubutu kuuwasha, maana mkewe alikuwa ameficha nyundo na shoka, na hakutaka kusema ameviweka wapi.

Majibu yalipokuja, Restuta aliyasoma akiwa amesimama.

"Mtu hatakiwi kuwa na risasi kwenye damu. Salama ni sifuri. Ikifika tano tu, tunaanza kutafuta inakotoka. Obedi ana ishirini na sita. Mzee Gerson, ishirini na tisa. Klara, arobaini na moja. Mama Obedi, arobaini na nane."

Gerson aliruka. "Anyesi? Yeye hana mimba! Udongo ameuacha zaidi ya miaka ishirini. Anaongozaje yeye?"

"Mama," Restuta aliuliza, "hedhi ilikatika lini?"

Gerson alikohoa, akageuka kutazama bwawa kana kwamba kuna mtumbwi unaomhusu.

"Miaka mitatu," Anyesi alijibu.

"Na kichwa kilianza kukusumbua lini?"

Anyesi alihesabu kwa vidole. "Miaka miwili na nusu."

"Sikiliza, mama. Risasi ikiingia mwilini haitoki yote. Sehemu kubwa inakwenda kukaa mifupani, kama uwele ghalani. Inakaa miaka na miaka. Kwa mwanamke, estrojeni ndiyo inayolinda ghala hilo. Hedhi ikikoma, estrojeni inapungua sana. Mlinzi ameondoka. Mifupa inaanza kupungua kidogo kidogo, na ikipungua inaachia kilichomo. Risasi uliyoila ukiwa na mimba ya Obedi, nyingine iko kwenye damu yako leo."

"Leo?"

"Leo. Inakupandishia presha. Inakudhoofisha vidole."

"Kwa hiyo sisi wanaume tumesalimika," Gerson alisema, taratibu.

"Nani amekuambia? Ishirini na tisa si namba ya kujisifia, mzee. Risasi inapandisha presha ya mwanaume pia. Inaharibu figo. Inaharibu mbegu za uzazi. Mifupa yako nayo imejaa. Miili ya hawa imetangulia kusema, basi. Zamu yako iko njiani."

Gerson hakujipiga kifua tena.

Restuta aliwapa maelekezo mmoja mmoja, akiwauliza warudie, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Klara asile udongo wowote, hata wa dukani. Vidonge vya damu aendelee navyo, na asivimeze na chai, kwa sababu chai nayo huzuia madini ya chuma. Ale mboga za majani, na anywe maji ya ukwaju au ubuyu pamoja na chakula, maana uchachu husaidia chuma kuingia. Ale dagaa pamoja na miiba yao na anywe maziwa. Kalsiamu ikiwa nyingi tumboni, risasi hukosa nafasi mlangoni, tena mwili hauchokonoi mifupa ya mama kutafuta ya mtoto.

"Na uani?" Obedi aliuliza.

"Uani kwenu ni jalala la sumu. Bwana afya atakuja."

Alipoondoka, Anyesi alimfuata Klara nyuma ya nyumba. Klara alikuwa anaanua nguo. Anyesi alisimama hatua tano kutoka kwake.

"Mwanangu, nilikulisha," alisema. "Kwa mkono wangu. Nilikuchagulia vile vitamu."

Klara hakugeuka. Alikunja kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Alisema maneno mawili matatu kwa lugha ya kwao, ile yenye sauti za kugonga ulimi kinywani, ambayo Anyesi hakuwahi kuielewa. Kisha akasema kwa Kiswahili.

"Najua hukujua, mama. Naapa najua. Lakini nikiiangalia mikono yako naogopa."

Anyesi aliificha mikono ndani ya kanga yake.

"Naomba niende kwa mama yangu mpaka nijifungue," Klara aliendelea. "Na sirudi na mtoto mpaka uwanja huu usafishwe."

Jioni Gerson alipolisikia hilo alifoka. Tangu lini mkamwana akaupangia masharti mji wa baba mkwe wake? Alitaja mahari. Alitaja heshima. Obedi aliinamisha kichwa. Anyesi ndiye aliyesimama.

"Ataondoka," alisema. "Obedi atampeleka kesho. Na mimi nitausafisha uwanja, hata kama ni peke yangu."

Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumkatisha mumewe. Asubuhi Klara akaondoka.

Usafi ulichukua mwezi. Bwana afya wa kata, Eliakimu, alikuja kuwaelekeza. Walivaa vitambaa puani na kunyunyiza maji kabla ya kugusa chochote, ili vumbi lisiruke. Walikwangua udongo wa juu wa uwanja wote, kina cha kiganja, wakautia kwenye mifuko. Betri, risasi iliyobaki na kalibu zote zilichukuliwa na gari la wilaya. Hawakutupa kitu bwawani, ingawa Gerson alilipendekeza hilo mara mbili. Waling'oa mafiga. Sufuria ilitobolewa kitako, asije mtu akaipenda. Kisha wakaleta udongo safi kutoka mbali, wakaushindilia, na jiko jipya likajengwa upande mwingine wa nyumba.

Anyesi alifanya kazi akiwa na maumivu ya kichwa. Kila alipoinama aliona giza. Hakutaka kupumzika. Majuto ni mjukuu, wanasema, na yeye majuto yalimwahi kabla hata mjukuu hajazaliwa. Alipofika chini ya kilima kukata nyasi, aliyatazama mawe matano, akayaambia yale manne: "Nanyi niliwalisha." Alilia hapohapo, kwa sauti, bila aibu. Kisha akarudi kazini.

Kuhusu nyavu, Obedi alianza kufunga mawe madogo na pete za udongo wa kuchoma, udongo uliochimbwa mbali na kwao. Wavuvi wenzake walimcheka wakasema wavu wake umevaa hereni. Wavu ulizama polepole zaidi, lakini ulizama. Samaki hawakuuliza kilichouzamisha.

Siku ya kliniki, Restuta alimwomba Anyesi aseme neno kwa wajawazito. Anyesi hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Alisimama, akawanyooshea mikono yake.

"Mikono hii ilimlisha mkamwana wangu risasi," alisema. "Sikumchukia. Nilimpenda. Kama mnayeyusha betri nyumbani, acheni. Kama mnakula udongo wa kalibu, acheni leo hii. Na msiseme mbona baba watoto ni mzima. Mwili wake si mwili wako."

Alikaa. Baadaye wanawake watatu walibaki nyuma, mmoja mmoja, wakamfuata nesi ndani. Wote watatu walikuwa na mstari ule.

Simu kutoka kwa Obedi, aliyekuwa amerudi Kwa Mtoro kumsubiri mkewe, iliingia Anyesi akiwa shambani, anapalilia uwele.

"Mama, amejifungua."

Anyesi aliibana simu sikioni. Alisubiri.

"Msichana. Ni mdogo, kilo mbili na robo. Mama, amelia. Amelia kweli kweli, unamsikia?"

Anyesi alimsikia. Alikaa chini katikati ya uwele, jembe likamwanguka pembeni.

Furaha haikuja peke yake. Damu ya mtoto ilipopimwa hukohuko na majibu kutumwa kwa Restuta, risasi ilikuwa kumi na moja. Ya Klara ilikuwa imeshuka hadi ishirini na mbili. Restuta hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Atanyonya, maziwa ya mama yana faida kubwa. Atapimwa kila baada ya miezi michache. Lakini ile iliyomfikia tumboni ilishamfikia. Huenda akachelewa kusema. Huenda masomo yakamwia magumu. Huenda asionyeshe kitu. Hatujui, tutamlea tukimwangalia."

"Na yangu?" Anyesi aliuliza.

"Yako itashuka polepole sana, mama. Mifupa itaendelea kuitoa kwa miaka. Dawa ya presha usiiache."

Klara alirudi mtoto alipotimiza miezi mitatu. Walimwita Rose, jina alilolichagua Klara mwenyewe. Alisimama kwenye mlango wa uwanja na mtoto kifuani, asiingie. Alitazama ardhi mpya, nyekundu, iliyoshindiliwa. Alitazama mahali mafiga yalipokuwa. Akaenda hadi jikoni, akachungulia, akarudi. Gerson alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Alijibu shikamoo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuongeza neno.

Anyesi alikuwa amesimama ukutani. Hakusogea. Hakunyoosha mikono kumpokea mtoto kama bibi yeyote angefanya.

Klara alimjia. "Mama," alisema, "nawa kwanza."

Mkamwana kumwambia mama mkwe anawe! Mwaka mmoja nyuma maneno hayo yangeitisha kikao cha ukoo. Anyesi alikwenda kwenye ndoo. Alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akasugua kucha, akasuuza, akanawa tena. Aliisubiri mikono ikauke juani. Kisha akarudi, akasimama mbele ya Klara.

Klara alimpa mtoto.

Rose alikuwa mwepesi. Alimtazama bibi yake kwa macho makubwa, bila woga wowote, maana hakujua lolote. Alikishika kidole cha Anyesi, akakivuta, akakitia mdomoni, akaanza kukinyonya.

Anyesi alishtuka akataka kukichomoa. Alimwangalia Klara.

Klara alikitazama kile kidole kwa muda. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Mwache, mama," alisema. "Mwache tu."